Hilux ya 1985 Baada ya Kubadilisha Injini: Starta Nzito, Kabureta Inapiga, Taa ya Oili Haizimi

Swali: Nimebadilisha injini ya Toyota Hilux ya 1985 nyumbani. Iliyotoka na iliyoingia zote ni 22R ya kabureta, gia za mkono. Niliyoiweka ni kuukuu na ilikaa muda mrefu bila kuwashwa. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) na distribyuta (inayogawa moto kwa kila plagi) nilihamisha kutoka kwenye injini ya zamani. Sasa starta inazungusha kwa uzito ingawa betri ni mpya, kabureta inapiga kwa kishindo na kurusha moto, kebo ya ekseleta inapata joto, na taa ya oili haizimi hata nikipiga starta kwa muda. Je, nimeuziwa injini mbovu?

Jibu: Injini usiihukumu bado. Kila dalili uliyoitaja inaweza kutokea kwenye injini nzima kabisa, na zote zinaelekea mahali pamoja: pale injini inapoungana na gari, yaani nyaya, sampu na distribyuta, vitu ulivyovifungua na kuvirudisha mwenyewe. Ila acha kupiga starta kwanza. Kila sekunde ambayo krenki (shafti kuu ya injini) inazunguka bila oili inakula beringi, na ukiendelea hivyo, injini uliyodhani ni mbovu itakuwa mbovu kweli.

Fuata mpangilio huu: umeme wa starta, kisha oili, kisha moto wa plagi, na petroli mwisho. Watu wengi huanza na kabureta kwa sababu ndiyo inayopiga kelele. Lakini starta ikiwa nzito, kipimo cha oili hakikuambii lolote, na oili ikiwa haijapanda huna ruhusa ya kuwasha injini hata moto wa plagi ukiwa sawa.

Kebo ya ekseleta yenye joto ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote. Kebo ile si waya wa umeme, kwa hiyo ikipata joto wakati wa starta maana yake umeme umekosa njia yake na unarudi kwenye betri kupitia humo. Injini imekaa juu ya maunti za raba, na raba haipitishi umeme. Lazima kuwe na waya mnene wa athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kutoka hasi ya betri hadi kwenye bloku, yaani mwili wa injini, na mwingine mwembamba zaidi, mara nyingi wa kusukwa, kutoka nyuma ya silinda hedi hadi kwenye ukuta wa kabini. Waya mnene ukisahaulika, au ukifungwa juu ya rangi na kutu, umeme wote wa starta unajaribu kupita kwenye kebo ya ekseleta, kebo ya spidometa na ule waya mwembamba. Hapo betri mpya haisaidii kitu.

Pima, usikisie. Chomoa waya wa umeme unaoingia kwenye koili ili injini isiwake. Weka multimita kwenye volti za DC, ncha moja juu ya nguzo ya hasi ya betri (nguzo yenyewe, si kishikio chake), nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku. Mwenzako apige starta kwa sekunde tatu hivi. Kipimo kikiwa chini ya volti 0.2, athi ni nzuri, kikipita 0.5, umempata mhalifu. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi bolti kubwa ya starta: hapo usipoteze zaidi ya volti 0.5. Betri yenyewe ikiwa imejaa husoma karibu 12.6 ikipumzika, na wakati wa starta isishuke chini ya 9.6.

Waya wa athi uwe na unene wa milimita za mraba 25 au zaidi. Kwangua mahali pa kufungia hadi chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu yake kuzuia kutu. Halafu kagua ile kebo ya ekseleta kwa makini, kwa kuwa ndani yake kuna mrija wa plastiki ambao huyeyuka kwa joto. Kebo ikikwaruza au isiporudi yenyewe kwa wepesi, ibadilishe kabla ya kuwasha, maana kebo inayoganda ikiwa imekanyagwa ni hatari barabarani.

Kama athi ni nzuri na starta bado ni nzito, toa plagi zote nne, weka gia huru, na zungusha krenki kwa mkono kwa spana ya 19 kwenye bolti ya puli ya mbele, kwa mwelekeo wa saa ukiwa umesimama mbele ya gari. Bila plagi inatakiwa iende laini mzunguko mzima. Ikiwa ngumu, legeza bolti zinazoshika gia boksi kwenye bloku raundi tatu nne na ujaribu tena. Ikilegea ghafla, basi gia boksi haikukaa sawasawa kwenye pini zake, au shafti yake inabana kwenye ile beringi ndogo ya katikati ya krenki, na uliivuta kwa bolti badala ya kuisukuma ikakaa yenyewe. Kamwe usizibe nafasi ya gia boksi kwa kukaza bolti.

Tuje kwenye oili. Kwanza jua kwamba taa isipozima wakati starta inazunguka kivivu, si ushahidi kamili. Pampu ya 22R iko mbele, inaendeshwa na krenki moja kwa moja, na krenki ikizunguka polepole inasukuma kidogo sana. Pili, injini iliyokaa muda mrefu hukauka: oili yote hushuka kwenye sampu, pampu inabaki na hewa, na pampu ya gia ikiwa kavu haivuti vizuri.

Anza na waya wa taa. Fungua swichi ya gari bila kuwasha, kisha chomoa waya kwenye swichi ya oili iliyo kwenye bloku. Taa ikizima, waya ni mzima na tatizo ni swichi au presha. Taa ikiendelea kuwaka, waya umebanwa mahali na kugusa chuma, na hilo hutokea sana injini inaposhushwa juu ya nyaya. Hakikisha pia kilichofungwa hapo ni swichi ya taa. Kuna gari zenye taa na gari zenye geji, na kifaa cha geji kikifungwa kwenye gari la taa, utapata taa isiyosema ukweli.

Kisha tafuta geji ya oili ya mkono, ile yenye mrija, na uifunge mahali pa swichi. Nyuzi za Toyota hapo ni za kipimo cha 1/8 BSPT. Adapta ya kipimo kingine, NPT, inaonekana kuingia lakini nyuzi zake hazilingani, na kuilazimisha kunaharibu tundu.

Kabla ya kuzungusha, tia oili kiasi cha kijiko kimoja cha chai katika kila silinda kupitia tundu la plagi, kisha zungusha krenki kwa mkono raundi mbili. Usizidishe, kwa kuwa oili haibaniki na ikijaa juu ya pistoni inaweza kupinda fimbo yake. Toa filta ya oili, ijaze kadiri itakavyoshika bila kumwagika. Pale filta inapokaa, tundu la katikati linapeleka oili kwenye injini na la pembeni linatoka kwenye pampu. Mimina oili kwenye lile la pembeni kwa kopo lenye mdomo mrefu ili ishuke kuelekea pampu, kisha rudisha filta.

Sasa, plagi zikiwa nje na koili imechomolewa, piga starta sekunde 10 hadi 15, pumzisha dakika moja, rudia. Kwa athi nzuri na bila plagi, krenki itazunguka kwa kasi na geji inatakiwa ianze kupanda ndani ya majaribio matatu manne. Isipopanda, usiendelee kwa matumaini.

Hapo mshukiwa mkuu ni sampu uliyohamisha. Hilux inayosukumwa na magurudumu mawili (2WD) na inayosukumwa na manne (4WD) hazina sampu ya umbo moja, kwa sababu ya manne lazima ipishe difu ya mbele. Streina, yaani ule mrija wenye wavu unaofyonza oili chini, hukatwa kulingana na sampu yake. Sampu na streina huhama pamoja kama jozi. Ukichanganya, streina inaweza kubaki juu mno ikafyonza hewa, au kukandamizwa kwenye sakafu ya sampu isipitishe kitu. Shusha sampu uangalie. Weka mpira mdogo wa udongo laini au plastisini juu ya wavu, rudisha sampu na gasketi bila gundi, kisha ishushe tena: unene uliobaki ndio nafasi uliyonayo. Milimita chache zinatosha. Angalia pia kama sampu ina bonde chini, kwa kuwa wengi huinua injini kwa jeki chini ya sampu, na bonde hilo huziba streina moja kwa moja. Gasketi ya streina kwenye bloku iwe mpya. Ikivuja, pampu hunywa hewa badala ya oili. Na gundi ya gasketi paka nyembamba. Ile inayobinyika kwa ndani hukatika vipande na kuishia kwenye wavu.

Kama hayo yote ni sawa na geji bado iko sifuri, toa pampu yenyewe. Uzuri wa 22R ni kwamba pampu hutoka ukishatoa puli ya krenki, bila kufungua kava yote ya cheni. Jaza gia zake kwa vaselini, weka oringi mpya, rudisha. Tumia vaselini na si grisi, kwa sababu vaselini huyeyuka kwenye oili ya moto ilhali grisi inaweza kwenda kuziba njia. Bolti ya puli hukazwa kwa Nm 157, na hiyo si kazi ya spana ya mkono mtupu.

Injini ikishawaka, mpaka wa afya ni huu: presha isipungue 0.3 kg/cm² ikiwa haijakanyagwa na ina joto, na iwe kati ya 2.5 na 5.0 kwenye mizunguko 3000 kwa dakika.

Mlipuko kwenye kabureta maana yake ni kwamba moto wa plagi unafika wakati valvu ya kuingiza ya silinda hiyo iko wazi, au mchanganyiko ni mwembamba mno na unaendelea kuungua hadi valvu inafunguka. Injini ikipiga hivyo wakati wa starta tu na haijawahi kuwaka hata mara moja, fikiria kosa la kwanza. Na wewe umehamisha distribyuta. Wakati wote wa majaribio acha kifuniko cha filta ya hewa kimefungwa, kwa kuwa ndicho kinachozuia moto usipande, na kizima moto kiwe mkononi mwa mwenzako, si garini.

Krenki huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kemu (shafti inayofungua valvu). Kwa hiyo alama ya puli hufika kwenye sifuri mara mbili, mara moja silinda ya kwanza ikiwa inabana, na mara nyingine ikiwa inamalizia kutoa moshi. Ukifunga distribyuta kwenye ile ya pili, kila plagi inawaka kwa kuchelewa mzunguko mzima wa krenki, na matokeo ni hayo unayoyasikia.

Toa plagi ya silinda ya kwanza, iliyo karibu na redieta. Ziba tundu kwa kidole gumba na uzungushe krenki kwa spana mpaka hewa ikisukume kidole nje, kisha endelea taratibu hadi alama ya puli ifike sifuri. Kidole kinaweza kudanganya kwenye injini iliyochoka, hivyo fungua tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi) uone kwa macho. Roka (mikono inayosukuma valvu) zote mbili za silinda ya kwanza ziwe zinacheza kidogo, na za silinda ya nne ziwe zimekaza. Ukikuta kinyume, zungusha krenki raundi moja kamili.

Sasa fungua kifuniko cha distribyuta. Rota, ile inayozunguka ndani yake, inatakiwa ielekee kwenye nguzo ya waya wa plagi ya kwanza. Ikielekea upande wa pili kabisa, ndilo kosa. Legeza bolti yake, inyanyue, na uirudishe vizuri. Meno ya distribyuta hii yamekatwa kwa mshazari, kwa hiyo rota hugeuka kadiri inavyoshuka, nawe huna budi kuanza ikiwa imepotoka kidogo ili itue mahali pake. Jaribu mara kadhaa. Ukikosea jino moja utajua baadaye: utageuza mwili wa distribyuta hadi mwisho wa nafasi yake na taiming (wakati wa plagi kutoa moto) bado haifiki.

Nyaya za plagi zifuate mpangilio wa 1-3-4-2 kwa upande ambao rota inazungukia. Upande huo usiuamini kwa kumbukumbu, mwambie mwenzako azungushe krenki nawe uitazame rota. Kwa kuwashia mara ya kwanza, geuza mwili wa distribyuta hadi jino la gurudumu dogo la ndani litazamane na koili yake ya kuhisi. Uwazi kati yao uwe milimita 0.2 hadi 0.4. Taiming ya kweli utaiweka kwa taa ya taiming injini ikishapata joto, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha chini ya boneti, ukifuata maagizo yake kuhusu mipira ya vakyumu (ya kunyonya hewa).

Kwa vile tapeti kava iko wazi, fanya mambo mawili. Chukua tochi uangalie chini mbele ya hedi, kando ya cheni. Miongozo ya cheni ya 22R ni ya plastiki na huvunjika kwa uzee. Cheni ikilegea hupiga kava ya mbele na kuitoboa hadi kwenye njia ya maji, ndipo maji yanapoingia kwenye oili. Ukiona mwongozo umekatika au kava ina mfereji unaong'aa, usiwashe, badilisha cheni na miongozo yake sasa. Angalia pia pini ya gia ya kemu: pistoni ya kwanza ikiwa juu, pini iwe juu wima. Ikiwa imepinda jino zima, cheni ndiyo imeruka na distribyuta haina kosa.

La pili ni tapeti, yaani uwazi kati ya roka na valvu. Kipimo ni milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za ekzosi, injini ikiwa ya moto. Weka hivyo hivyo ikiwa baridi ili iweze kuwaka, kisha urudie. Silinda ya kwanza ikiwa juu kwenye kompresheni (inabana), pima za kuingiza za 1 na 2, na za ekzosi za 1 na 3. Zungusha krenki raundi moja, umalizie za kuingiza za 3 na 4, na za ekzosi za 2 na 4. Tapeti iliyokaza mno kwenye valvu ya kuingiza nayo hufanya kabureta ipige. Unapofunga kava, paka gundi kidogo kwenye raba mbili za nusu duara zilizo mwisho wa hedi, maana huvuja karibu kila mara zikirudishwa kavu.

Ikiwaka kisha ikapiga kwenye kabureta kila unapokanyaga, hapo ndipo tunahamia kwenye petroli na hewa. Hakikisha mipira ya vakyumu yote imerudi, hasa ule mnene wa breki. Ibane mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa. Mlio wa injini ukitulia, huo ndio unaovuja au unaenda kwenye kitu kinachovuja. Gasketi ya chini ya kabureta ijaribu kwa kunyunyiza maji yenye sabuni pembeni, kamwe si petroli. Kabureta ya gari hili ina kioo kidogo pembeni, na petroli iwe katikati ya kioo. Ikiwa chini, kagua mipira ya pampu: kuna wa kuingia, wa kutoka na wa kurudi tangini, na wa kuingia ukibadilishana na wa kurudi injini hufa njaa. Na kama inawaka vizuri ikikanyagwa lakini inazima ukiachia, tafuta waya wa solenoidi (valvu ya umeme) ya kabureta. Swichi ikifunguliwa inatakiwa itoe mlio mdogo wa "tik".

Ndipo swali lako la mwisho, injini ni mbovu au la, linapoweza kujibiwa. Ipashe moto, toa plagi zote, chomoa koili, kanyaga ekseleta hadi mwisho na upime kompresheni. 22R nzima husoma karibu 12 kg/cm², yaani psi 171. Kiwango cha chini ni 10, na silinda zisipishane zaidi ya 1. Silinda moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili na upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, ni valvu. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imepasuka kati yao. Vipimo vikiwa vizuri na presha ya oili ikishika, rudia tapeti injini ikiwa ya moto, kaza tena bolti za ekzosi, na baada ya safari fupi ya kwanza mwaga oili pamoja na filta, kwa sababu uchafu wote ulioganda kwenye injini iliyokaa sasa uko ndani yake.